Baa kwa Familia Nzima

Chaka, chaka. Kimya. Chaka tena.

Kunigunda alifumbua macho gizani akasikiliza. Alidhani ni panya kwenye kiroba cha mahindi, lakini panya hajizuii. Hii ilikuwa sauti ya nailoni inayochanwa kwa adabu, na ilitoka jikoni. Alipapasa kitanda. Florian, mumewe, alikuwepo, amelala chali. Upande wa ukutani, mahali pa Ottilia, palikuwa na blanketi tu.

Alijifunga khanga akatoka pekupeku. Jogoo walikuwa wameshawika mara mbili, na baridi ya kijiji chao cha mlimani, Maguu, ilikuwa bado imelala sakafuni. Jikoni makaa yalikuwa yamefukuliwa. Mbele yake, juu ya kigoda, alikaa mama mkwe wake, Gaudiosa, amempakata mjukuu. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa anatafuna kitu cha rangi ya udongo, macho nusu yamefumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeamka mapema."

"Nimesikia sauti."

"Ni sisi," alisema Gaudiosa bila kuona haya. "Leo si siku ya kliniki? Nimempa chake mapema, kilo zipande kabla hamjafika."

"Mama, tulikubaliana asipewe kabla hajala."

"Wewe ndiye ulikubaliana. Mimi nilikuwa nasikiliza."

Hicho "chake" kiliitwa baa. Praygod ndiye aliyekileta na jina lake, kijana wa Mbinga mjini aliyepanda mlima kwa pikipiki miezi miwili nyuma, amejaza begi mgongoni. Baa ya protini: kipande cha urefu wa kiganja ndani ya karatasi inayong'aa, na mbele yake picha ya mwanaume mwenye kifua kama mlango wa kanisa. Upande wa nyuma ilibandikwa stika nyeupe yenye herufi kubwa: BAA KWA FAMILIA NZIMA. KWA SIKU: MTOTO 1, MTU MZIMA 2, MZEE 3.

Mzee Mansuetus, mume wa Gaudiosa, alipopewa ya kwanza aliisoma ile stika kwa sauti, silabi baada ya silabi, kisha akashusha miwani.

"Baa kwa familia nzima," alirudia. "Tumeshaona baa la njaa, tumeona baa la nzige. Hili la leo limekuja na tangazo lake."

Wote walicheka isipokuwa Gaudiosa. Yeye alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, na Praygod alikuwa amemwambia kwamba akifikisha katoni kumi atavishwa fulana ya kiongozi na picha yake itatundikwa ofisini mjini. Katoni sita zilikuwa tayari chini ya kitanda chake. Zilikuwa malipo ya kwanza ya kahawa ya msimu huo, yote.

Lakini haikuwa fulana peke yake. Kunigunda alilijua hilo, na ndilo lililomfanya ashindwe kupandisha sauti asubuhi ile. Mama huyu alikuwa anaamka na baridi yote ile, na magoti yake yale, ili amlishe mjukuu wake.

*

Kwenye zahanati akina mama walikaa kwenye benchi kwa kufuatana, watoto wao wamevalishwa zile kaptula za kupimia. Ottilia alining'inizwa kwenye mizani. Hakulia. Hilo peke yake lilimtia mama yake hofu, maana zamani alikuwa akipiga mateke mpaka mshale unashindwa kutulia.

"Kumi na moja na pointi mbili," alisema nesi Tereza. Alifunua kadi. "Mwezi jana kumi na moja na nane. Mwezi juzi kumi na mbili na tatu. Mama, huu mstari unaenda wapi?"

Kunigunda aliutazama mshale wa mizani.

"Nakuuliza wewe, Mnyasa. Kwenu ziwa zima limejaa samaki, mtoto anakuwa hivi?"

Benchi lilicheka. Lilicheka kidogo, kicheko cha watu wanaojua zamu yao inafuata.

"Hali, nesi. Ugali anausukuma. Maharage anayasukuma. Anakula hii." Alitoa kwenye kikapu ile nusu baa iliyobaki, imekunjiwa karatasi yake.

Tereza aliigeuza mkononi, akainusa. "Choo anapata?"

"Leo siku ya nne."

Nesi alishusha sauti, na kwa mara ya kwanza aliongea kama dada. "Shika ngumi yake. Umeiona? Tumbo lake ndiyo hiyo. Ukilijaza kitu kitamu cha kunata alfajiri, ugali utakaa wapi? Mpaka jioni hana njaa, na mwili hauna kitu." Kisha alikumbuka kuwa benchi linasikiliza. "Halafu si wewe unayesoma jioni pale shuleni? Unasoma nini sasa, kama hujasoma karatasi ya kitu unachompa mwanao?"

"Stika nimeisoma."

"Stika." Tereza aliandika kwenye kadi huku akitikisa kichwa. "Nakupa wiki mbili. Mstari ukishuka tena, nawaandikia mwende hospitali Mbinga, mkalazwe."

Njiani kurudi, Ottilia alilala mgongoni. Kunigunda alitembea akihesabu hatua ili asilie, akashindwa, akaendelea kuhesabu hivyo hivyo. Nusu ya njia hasira ilichukua nafasi ya machozi. Aliitoa ile karatasi tena. Kwenye pembe, pale stika ilipojikunja, aliona mkia wa herufi ndogo nyeusi. Kulikuwa na maandishi chini ya maandishi.

*

Kucha hazikufaa, kisu kilichana. Alichukua karatasi nyingine kwenye taka, akainjika sufuria ya maji, akaishikilia juu ya mvuke huku vidole vinaungua. Gundi ililegea taratibu. Stika ilitoka nzima, kama ngozi ya kiazi kilichoiva.

Chini yake kulikuwa na Kiingereza, mistari mitano, herufi ndogo kama siafu. Maneno mawili aliyajua palepale bila mwalimu: "hapana" na "watoto". Hayo yaliyobaki aliyatafuta kwenye kamusi ya darasa, moja moja, akiandika nyuma ya daftari la baiolojia. Maji yalichemka yakapungua hadi nusu. Alipomaliza alikuwa na hivi:

Ni kwa watu wazima wanaofanya mazoezi makali. Haifai kwa watoto wa chini ya miaka kumi na mitano, wala kwa wajawazito. Mwenye ugonjwa wa figo aonane na daktari kwanza. Isizidi moja kwa siku. Haichukui nafasi ya mlo.

Florian alirudi kutoka shambani amepakaa udongo wa ngolo, yale mashimo ya kulimia mlimani, hadi magotini. Alimsomea kabla hajanawa.

"Kwa hiyo ni sumu?" aliuliza.

"Si sumu. Ndiyo shida yenyewe. Ingekuwa sumu tungeshaitupa." Alifunua daftari. "Wewe ukibeba magunia kutwa nzima, hujala mchana, ukaila moja, mwili utaifanyia kazi. Ingawa kwa bei yake tungekula maharage wiki nzima, na maharage nayo ni protini hiyo hiyo. Baba kweli anahitaji protini, na ni zaidi ya tunavyodhani. Mwalimu alituambia nyama ya mzee inaisha kama sabuni, isiporudishiwa miguu ndiyo inaanza kushindwa. Lakini baba ana kisukari, na hii ina sukari ya kutosha chai ya siku tatu, na figo zake hatujawahi kupima. Stika inamwambia ale tatu."

"Na Ottilia?"

"Kipande kimoja kina protini kupita anayohitaji kwa siku nzima. Halafu basi. Wanga hapati, mafuta hapati, mboga hapati, amejaa. Ni kama kujaza shimo la ngolo mawe, halafu unangoja mahindi."

Florian alikaa kizingitini. Mbwa wao alikuja kumlamba tope mguuni, mbwa aliyenenepa siku hizi bila mtu kujua kwa nini.

"Mama Otti, nakuelewa. Lakini Praygod anakuja Jumapili. Mama ameshamwahidi, baada ya ibada Ottilia anapigwa picha. Mtoto wa mfano."

"Mfano wa nini?"

"Ngoja Jumapili ipite. Tutaongea na mama taratibu."

"Mstari wa kadi haungoji Jumapili, Florian."

Gaudiosa alikuwa mlangoni na kuni kichwani. Alikuwa amesikia ya kutosha.

"Umebandua stika?" Aliuliza polepole, kama mtu aliyeambiwa kaburi limefukuliwa. "Umeharibu mali ya watu."

"Mama, kuna maandishi chini yake."

"Ya Kiingereza. Wewe Kiingereza umekianza Januari." Alizishusha kuni. "Umekuja hapa kutoka Liuli na kopo la bati lenye usipa, nyumba nzima ikanuka ziwa, nikanyamaza. Sasa unanifundisha kulea. Huyu Florian nilimlea kwa nini?"

"Kwa nini, mama?"

Gaudiosa alifungua kinywa. Mzee Mansuetus alijibu kutoka ndani, hakuna aliyemuuliza: "Kwa maharage na maboga. Na mbegu za maboga zikisagwa. Nakumbuka mimi."

*

Usiku huo na uliofuata Kunigunda alilala amefunga pindo la khanga yake kwenye gauni la mtoto. Asiende naye mtu bila yeye kujua.

Lile bati lilikuwa bandani, juu ya magunia, lilikohamishiwa kwa ajili ya harufu. Ndani yake mlikuwa na usipa, samaki wadogo wa ziwani ambao mama yake huwakausha mchangani, huwatwanga na vichwa vyao na kumtumia unga. Ijumaa alichota kijiko kimoja, akakoroga kwenye uji na tone la mafuta. Ottilia alionja, akatema, akalia kwamba anataka ya karatasi. Alilia mpaka sauti ikakauka. Upande wa pili wa ukuta Gaudiosa alikuwa anasali rozari kwa sauti inayozidi kupanda, na katikati ya fumbo la tatu alisema wazi, "Unamtesa mtoto wa watu."

"Ni wangu, mama," Kunigunda aliujibu ukuta.

Jumamosi mtoto alipata choo. Alikula vijiko vinne, kisha akasukuma.

*

Jumapili Praygod aliweka meza yake nje, ng'ambo ya barabara kutoka kigangoni, akaitandikia kitambaa cha kijani. Alikuwa na fulana mpya na sauti ya mtu aliyezoea kipaza sauti hata asipokuwa nacho.

"Mwili ni nyumba," alisema, "na protini ni tofali. Sasa niambieni, akina mama, nani anamjengea mwanawe nyumba ya udongo wakati tofali lipo?" Aliangaza. "Mama mwenyekiti, yuko wapi mwanamitindo wetu?"

Gaudiosa, ndani ya kitenge cha Pasaka, aligeuka kumtafuta. Kunigunda alikuwa amesimama nyuma ya watu, Ottilia mgongoni. Njia ikafunguka.

"Mlete, mama Ottilia. Ashike baa moja tu, atabasamu, tumalize."

"Haji."

Watu waligeuka. Praygod alicheka. "Ana haya. Basi njoo naye hivyo hivyo mgongoni, inapendeza."

"Hana haya. Alhamisi alikuwa na kilo kumi na moja na pointi mbili. Siku ulipozileta alikuwa na kumi na mbili na tatu. Piga picha ya hiyo." Aliiinua kadi ya kliniki juu. "Na chini ya stika yako wameandika haifai kwa watoto."

"Nani amekusomea?"

"Nimesoma."

"Ehe. Tusomee na sisi basi."

Akasoma. Alianza na Kiingereza chenyewe, na alikisoma vibaya, akijikwaa kwenye kila neno refu. Vijana waliokaa kwenye pikipiki walianza kumwigiza, na mmoja akasema, "Mwalimu wa jioni, huku bado mchana." Praygod alingoja kicheko kiive.

"Mama zangu," alisema kwa upole, "hayo ni maneno ya kisheria. Kampuni zote zinaandika. Hata kwenye kiberiti wameandika weka mbali na watoto, kwani hamuwashi moto?"

Kicheko kikawa kikubwa. Gaudiosa alikuwa anatazama chini, na Kunigunda aliona masikio yake yamewaka. Alijua kwamba aibu ile yeye ndiye aliyemletea. Aliendelea.

"Kiberiti sijawahi kumlisha mtoto," alisema. "Na aliyetengeneza kiberiti hakubandika karatasi juu ya hayo maneno. Wewe kwa nini ulibandika?"

Praygod alinyoosha kitambaa cha meza. "Stika ni tafsiri."

"Tafsiri ya nini? Wao wamesema moja kwa siku, wewe umemwandikia mzee tatu. Wao wamesema mtoto hapana, wewe umemwandikia moja. Hiyo ni tafsiri ya mfuko wako."

Sasa hakucheka mtu. Mama mmoja aliyekuwa ameshatoa noti aliirudisha kifuani.

"Siwaombi mniamini," Kunigunda alisema. "Mimi nimesoma kidogo, na nimekosea matamshi. Lakini maji ya moto hayakosei. Mwenye karatasi nyumbani achemshe maji, aishike juu ya mvuke. Asiyejua Kiingereza ampe mtoto wa sekondari. Kama nimesema uongo, Jumapili ijayo niko hapa hapa, mnicheke vizuri."

Aliondoka. Nyuma yake alimsikia Praygod akianza tena habari ya tofali, lakini sauti ilikuwa imepungua. Jioni hiyo, kwa mtu aliyepita njia ya juu, moshi wa jikoni ulikuwa kama siku zote. Ila ndani, nyumba baada ya nyumba, wanawake walikuwa wameinamia sufuria zisizo na chakula.

*

Siku mbili Gaudiosa hakumsemesha. Alipika chungu chake, akala peke yake, akapokea shikamoo kwa kutikisa kichwa. Fulana ya kiongozi haikutajwa. Florian alitembea katikati yao kama mtu anayevuka shamba la watu.

Jumatano, kabla hakujapambazuka, Kunigunda aliisikia tena. Chaka, chaka.

Alikaa kitako kitandani, akavuta pindo la khanga. Fundo lilikuwepo. Ottilia alikuwepo, amelala. Hata hivyo alilifungua fundo, akainuka na kwenda jikoni akiwa na maneno tayari mdomoni, maneno ambayo mkwe hamwambii mkwe.

Sufuria ilikuwa inatoa mvuke. Katoni zote sita zilikuwa zimefunguliwa. Gaudiosa alikuwa anashika baa moja baada ya nyingine juu ya sufuria, anabandua, anaipanga kando. Stika alikuwa amezibandika ukutani kwa mstari, zaidi ya hamsini.

"Shikamoo, mama."

Gaudiosa alimalizia kubandua aliyokuwa nayo mkononi. "Marahaba. Kaa." Alimpa baa. "Hapa wanasemaje? Nisomee kwa Kiswahili. Kile kingine kiache."

Kunigunda alisoma.

"Hapo pa wagonjwa rudia."

"Mwenye ugonjwa wa figo aonane na daktari kwanza. Isizidi moja kwa siku."

"Na mimi mzee wangu nimempa tatu. Kila siku. Nasimama mlangoni mpaka aseme amemaliza." Mikono yake ilikuwa imelowa mvuke na aliifuta kwenye kitenge mara mbili, mara tatu. "Miezi miwili."

Kikohozi kilisikika chumbani. "Mimi nilikuwa nampa mbwa," alisema Mansuetus.

Gaudiosa alimtazama Kunigunda. Kunigunda aliuma midomo. Halafu walicheka wote wawili, wamefunika vinywa, kicheko cha kuumiza mbavu, na kilipokwisha Gaudiosa alikuwa na machozi ambayo hayakuwa ya kicheko.

"Leo yule Praygod anapita kwenda kijiji cha Ukata," alisema, akianza kuzirudisha kwenye katoni bila stika. "Lazima apite hapo chini darajani. Nitamsubiri hapo. Nimeshawaambia wenzangu wa jumuiya, tutakuwa kumi na tatu."

"Hela hatarudisha, mama."

"Nani amekuambia naenda kuomba hela? Naenda kusimama mbele ya pikipiki. Hata Ukata kuna wajukuu." Aliikandamiza katoni ya mwisho kwa goti lake bovu. "Baa hili litoke nyumbani kwangu."

"Haya," ilisema sauti kutoka chumbani. "Sasa umesema Kiswahili."

Gaudiosa alitazama zile stika ukutani, kisha mlango wa banda.

"Lile bati lako lilete ndani," alisema. "Linanuka. Lakini lilete."

Kunigunda alipogeuka kwenda kulichukua, alimkuta Ottilia amesimama kizingitini, khanga ya mama yake inaburuzika nyuma, ngumi moja inasugua jicho. Mtoto alizitazama katoni akazipita. Alitazama sufuria, akamtazama bibi yake, akasema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima:

"Bibi, nina njaa."